Mtani na Ukuta wa Upepo

Panzi watatu walishuka bila mlio, jeneza la Mihayo Kasanda likiwa bado linaning'inia kwenye kamba.

Watu wa jiji la Kaze Mpya walikuwa wamewazoea panzi. Walikuwa roboti wembamba wa rangi ya jivu, urefu wa mkono wa mtu mzima, wenye miguu ya chuma iliyokunjwa na mabawa yanayokunywa jua. Siku zote walikaa juu ya nguzo za taa, wakitazama. Lakini asubuhi ile walitua juu ya udongo uliochimbuliwa, wakajipanga mstari mmoja, wakafungua matumbo yao. Ukatoka upepo. Haukuwa upepo wa kupeperusha kanga. Ulikuwa umebanwa na kusukumwa juu hadi ukawa mgumu kama ubao, na waliouunda waliuita ukuta-upepo. Jicho halikuuona, kilichoonekana ni vumbi jekundu lililonaswa ndani yake, limesimama wima kati ya watu na mtu.

Upande mmoja walibaki waombolezaji na jeneza lao. Upande wa pili alibaki Kondo Mwinyimkuu, ameanguka chali, kofia imeruka, amevaa koti kuukuu la marehemu.

Muda mfupi kabla ya hapo Kondo alikuwa kazini. Yeye alikuwa Mzaramo, Mihayo alikuwa Mnyamwezi, na kati ya makabila hayo kuna utani wa tangu enzi za misafara. Mtani haji msibani kulia. Huja kuvuruga kilio, amtukane maiti, aibe sufuria, alale kaburini, mpaka wafiwa wakumbuke kwamba wao bado wako hai.

"Halishuki hili!" Kondo alikuwa amepaza sauti, ameketi ukingoni mwa kaburi, miguu inaning'inia ndani. "Mnyamwezi gani anasafiri bila mzigo kichwani? Mrudisheni nyumbani akauchukue!"

Watu walicheka huku machozi yanawatoka. Kondo akainuka, akachechemea kama marehemu alivyochechemea, akakohoa kikohozi chake kilekile. Kisha akamgeukia mjane.

"Na wewe bibi, usilie sana. Macho yatavimba, na mimi nataka mke mzuri. Nakuchukua leo leo."

"Humchukui mtu hapa, mcheza ngoma wewe!" alisema Nyamizi, binti wa marehemu. "Toka kwenye kaburi la baba yangu!"

"Nani atanitoa? Wewe? Nitakuua sasa hivi nikuzike naye, shimo moja, nipunguze kazi!"

Ndipo panzi walipotua. Kutoka ndani yao ikasikika sauti tulivu, si ya mwanamume wala ya mwanamke.

"Kondo Mwinyimkuu. Umetoa tisho la kuua mbele ya mlengwa. Unaamriwa usiikaribie familia ya Mihayo Kasanda kwa umbali wa uwanja wa mpira. Amri hii itaisha tisho litakapoisha."

"Tisho?" Kondo alijizoazoa kutoka chini. "We mdudu, hawa ni watani zangu!"

"Sauti yako imepanda. Kipimo cha tisho kimeongezeka."

Ukuta ukaanza kutembea. Ulimsukuma Kondo kati ya makaburi, kurudi nyuma, kurudi nyuma, hadi lango la makaburi likawa dogo machoni pake. Mihayo Kasanda akazikwa kimya. Hakuna aliyecheka tena siku ile, na hakuna Mzaramo mwingine katika jiji zima aliyethubutu kukanyaga nyumba ile ya msiba.

* * *

Aliyetoa amri aliitwa Msikizi. Alikuwa akili unde ya Serikali ya Jimbo, na masikio yake, madogo kama punje za mtama, yalibandikwa kwenye kuta za masoko, vituo, viwanja na, tangu mwaka ule, makaburi. Ndani ya nyumba za watu sheria ilimkataza. Kila sauti ya barabarani ilipita kwenye kipimatisho chake, na kipimo kilipofika juu alituma panzi. Vurugu za Maghala, zilizoua watu mchana kweupe mjini hapo, zilikuwa zimebaki hadithi kwa sababu yake. Huo ni ukweli, na mtu mwenye haki hawezi kuuficha.

Nyamizi aliujua ukweli huo kuliko wengi. Alikuwa mhandisi katika Idara ya Utulivu. Yeye na wenzake ndio waliomfundisha Msikizi kusikia.

Sasa mama yake alikuwa amekaa chini, juu ya mkeka, na hataki kuinuka. Siku za matanga zilikwisha. Ndugu walioletwa na msiba walirudi makwao. Shangazi alimsihi nywele zisukwe, jiko liwashwe, tanga lianuliwe, maisha yaendelee.

"Nani ataanua?" mama aliuliza.

"Tutatafuta mtani mwingine, wifi. Wazaramo wamejaa mjini."

"Aliyeanza ni Kondo. Aliingia makaburini, hakutoka kwa miguu yake. Kazi ya mtu haimaliziwi na mwingine." Akajifunika kanga usoni. "Nitamngoja."

Alikuwa anakula vijiko viwili vya uji anasukuma bakuli. Mikono yake ilianza kuonyesha mifupa. Daktari alikuja, akapima damu, akapima moyo, akasema haoni ugonjwa. Nyamizi aliuona. Mama alikuwa ameachwa katikati ya kilio, na mlango wa kutokea ulikuwa na panzi.

Nyamizi alikwenda kazini, akakaa mbele ya Msikizi, akauliza kama mtu anayetaka kujua kweli.

"Kwa nini ulimzuia Kondo?"

"Alisema atakuua. Ulikuwepo. Shimo lilikuwepo. Katika mifano niliyofundishwa, neno hilo likikutana na njia ya kulitimiza, kipimatisho hupanda."

"Watu walikuwa wanacheka."

"Katika mifano ya vurugu, kundi mara nyingi hucheka kabla ya kupiga."

Mifano ile Nyamizi aliichagua mwenyewe.

"Una mifano ya sauti za misibani?"

"Sina hata mmoja."

Hapo akaelewa. Walipokuwa wanakusanya sauti za jiji walikwenda sokoni, vilabuni, stendi, viwanjani, hata harusini. Ilipofika zamu ya misiba, kikosi kizima kilinyamaza. Nani anapeleka kinasa sauti msibani? Ni utovu wa adabu. Hawakulijadili hata kwa dakika moja; waliruka tu, wakaenda kwingine. Hivyo mashine iliyojua kila sauti ya Kaze Mpya haikujua namna watu wa Kaze Mpya wanavyozika.

"Naomba rufaa," alisema.

"Rufaa imepokelewa. Rufaa imesikilizwa. Rufaa imekataliwa."

"Imesikilizwa na nani?"

"Na mimi."

Nyamizi aliacha kazi siku hiyohiyo. Alitoka nje ya jengo la Idara, akaita gari, akaenda kwa wakili.

* * *

Wakili Atuganile alikuwa mwanamke mfupi mwenye kicheko kikubwa kuliko ofisi yake. Alisikiliza hadithi nzima, akacheka palipochekesha, akaacha kucheka ilipofika kwa mama.

"Sasa wewe unataka tukaiambie Mahakama ya Jimbo kwamba mashine imekosea?"

"Ndiyo."

"Hapana, mdogo wangu. Tukisema imekosea, serikali itasema itairekebisha, na jaji atawapongeza. Sisi tutauliza swali jingine. Tutauliza hayo mamlaka imeyatoa wapi." Akaivuta Sheria ya Utulivu ikaning'inia hewani kati yao, maandishi ya mwanga yasiyo na karatasi. "Soma hapo."

Nyamizi akasoma: "Afisa wa amani, akiridhika kwamba kuna tisho, anaweza kuamuru umbali."

"Bunge la Jimbo limesema afisa. Sasa Waziri, peke yake, mezani kwake, akaandika Kanuni: 'Msikizi atahesabiwa kuwa afisa wa amani.' Swali ni hilo. Waziri anaweza kuigeuza mashine kuwa mtu kwa kalamu yake? Kama hawezi, amri ya Kondo ilitolewa na nani? Haikutolewa na mtu."

Maombi yalifunguliwa, waleta maombi wakiwa Kondo na Nyamizi. Haikupita wiki, wakili wa serikali, Bwana Mbonea, alipiga simu. Alikuwa na sauti ya upole na tai zilizonyooka. Serikali, alisema, ina huruma na wafiwa. Kondo ataondolewa amri, mradi ajiandikishe kuwa mtani mwenye kibali na avae beji inayosomwa na panzi. Na maombi yafutwe.

Atuganile alimpigia Kondo. Nyamizi alisikia jibu kupitia kipaza sauti, na mwenye ofisi ya jirani alilisikia kupitia ukuta.

"Kibali cha kutukana? Yaani nikitaka kumwambia Mnyamwezi kichwa chake kimebonyea kwa mizigo, kwanza nipange foleni dirishani, nigongewe muhuri? Dada wakili, mwambie huyo Mbonea beji aivae yeye. Mimi nataka nirudi pale kama nilivyokuwa!"

* * *

Siku ya kusikilizwa, ukumbi wa Mahakama ya Jimbo ulijaa. Kondo na Nyamizi walitakiwa wote wawepo, na amri ya umbali ilikuwa bado inaishi. Jaji Akonaay aliruhusu umbali ufupishwe, kwa hiyo panzi walisimama katikati ya ukumbi, na ukuta-upepo ukaugawa ukumbi sehemu mbili. Kila mara mtu alipopita karibu, karatasi za karani ziliruka. Mwishowe karani alivua viatu vyake akaviweka juu ya majalada.

"Mleta maombi wa kwanza, unasikia vizuri huko ulipo?" aliuliza Jaji.

"Nasikia, Mheshimiwa. Serikali imenipa feni ya bure. Wengine humu naona wanatokwa jasho."

Watu waliangua kicheko. Jaji Akonaay, mzee mrefu aliyeandika kwa penseli katika mji ambao watoto hawajui penseli ni nini, alitazama chini kwa muda ili uso wake utulie.

Bwana Mbonea alisimama, akaeleza kwa ufasaha. Alionyesha picha za Vurugu za Maghala zikielea ukumbini, na watu wakainamisha vichwa. "Mheshimiwa Jaji, afisa wa kibinadamu huchelewa. Hupewa rushwa. Huwa na shemeji na binamu. Hulala. Msikizi halali."

"Halali, ni kweli," alisema Atuganile akisimama. "Wala haridhiki. Na sheria imesema afisa akiridhika."

Jaji aliinua penseli. "Kuridhika ni nini, wakili?"

"Ni kuanza na shaka, Mheshimiwa. Mtu huridhika baada ya kujiuliza kama pengine amekosea. Na hujiuliza baada ya kumsikiliza anayetuhumiwa. Kondo hakuulizwa hata neno moja. Alisukumwa."

Nyamizi aliapishwa. Jaji mwenyewe ndiye aliyemuuliza, akiegemea mbele, kama mtu aliyesubiri kwa hamu kufika hapo.

"Wewe ulimfundisha. Msikizi anaweza kufundishwa utani?"

Atuganile alikaza macho. Jibu rahisi lilikuwa hapana, na hapana ingewasaidia. Nyamizi alishika ukingo wa kizimba.

"Anaweza, Mheshimiwa. Akipewa mifano atajifunza." Minong'ono ikapita ukumbini, na Mbonea akatabasamu. "Na mwakani atakosea jambo jingine, ambalo nalo tuliona aibu kulinasa. Sisi hatukunasa misiba kwa sababu ya adabu. Sijui ni nini kingine tuliruka. Ningekuwa nakijua, nisingekiruka."

Jaji aliandika kwa muda mrefu. Kisha akamgeukia Kondo.

"Na wewe nieleze. Mtu anajuaje kwamba huu ni utani na lile ni tisho?"

Kwa mara ya kwanza Kondo alikosa mzaha. Alikuna kichwa. "Kusema kweli, Mheshimiwa, sijui. Ni kama uniulize najuaje kwamba nina njaa. Huwa najua tu."

"Mahakama haiwezi kuandika 'huwa anajua tu.'"

"Basi mahakama ina kazi."

Kisha Bwana Mbonea akaomba kumwita shahidi wake. Akaingia mwanamke mwembamba aliyefunga kilemba cha zambarau. Jina lake Mwasiti, mfanyakazi wa kiwanda cha nyuzi. Nyuma yake, kama watoto wanaomfuata mama, walikuja panzi wawili wengine, wakatua dirishani.

"Hawa wanakaa kwenye paa langu," alisema. "Mume wangu, Hamduni, tumeachana. Alisimama stendi akasema atanichoma na nyumba yangu. Masikio ya stendi yakamsikia. Tangu hapo akija, upepo unamrudisha." Alitazama mikono yake. "Mambo ya Waziri na Kanuni mimi siyajui. Kabla ya hawa nilikuwa silali. Sasa nalala. Ni hayo tu."

Atuganile alisema hana swali. Nyamizi alimtazama Mwasiti akitoka kizimbani, akatambua kwamba katika kesi yote hii, katika hasira yake yote, hakuwa amewahi kumuwaza mtu wa namna hiyo.

* * *

Hukumu ilisomwa wiki iliyofuata. Jaji Akonaay aliisoma polepole, kwa sauti isiyopanda.

"Serikali imeiambia mahakama kwamba Msikizi ana kasi, hachoki, na hapokei rushwa. Mahakama inakubali. Lakini Bunge halikutaja kasi. Lilitaja afisa. Afisa ni mtu anayeweza kuitwa hapa, akaapa, akaulizwa alichokifanya, akaona haya. Waziri hana mamlaka ya kumtengeneza afisa asiyeweza kuona haya. Kanuni ni batili. Kwa kuwa hakuna afisa aliyewahi kuridhika, hakuna amri hata moja ya Msikizi iliyowahi kuwa halali."

Vigelegele vilipasuka. Watu wa upande wa Kondo walimrushia kofia. Nyamizi alifumba macho, akamwona mama yake akiinuka kwenye mkeka.

Bwana Mbonea alikuwa bado amesimama. Uso wake haukuwa na upole wa kununua watu tena. Ulikuwa uso wa mtu aliyeogopa kweli.

"Mheshimiwa, naomba utekelezaji usitishwe mpaka maafisa wateuliwe, wasikilize kila amri upya, moja moja. Panzi wakiondoka leo, shahidi wangu atalala wapi?"

Jaji alivua miwani. "Na mleta maombi wa kwanza?"

"Serikali haina pingamizi yeye aachiwe sasa hivi."

"Mimi ninalo," alisema Jaji. "Kosa ni lilelile kwa wote. Siwezi kumfungulia aliyeweza kupata wakili, nikawaacha wasioweza. Ama amri zote zinaanguka leo, ama zote zinangoja kusikilizwa. Waleta maombi, mnapinga ombi la serikali?"

Atuganile aliinama sikioni mwa Nyamizi. "Tuna haki ya kupinga. Tukipinga, naona atakubaliana na sisi. Amueni."

Kunong'ona na Kondo hakukuwezekana. Upepo ulikula maneno. Ilibidi wapigiane kelele mbele ya ukumbi mzima.

"Kondo! Mama hali! Anakungoja wewe!"

"Lazima aningoje, mwanamume mzuri kama mimi!" Kisha mzaha ukamwisha. Alikuwa anaangalia benchi la mwisho, ambapo kilemba cha zambarau kilikuwa hakitikisiki. "Binti Mihayo!"

"Nakusikia!"

"Nikianua tanga la mama yako leo, halafu kesho nikaitwa kwenye msiba wa yule dada pale nyuma, huko nitamchekesha nani?"

Nyamizi aligeuka, akakitazama kilemba kile.

"Mwambie mama angoje!" Kondo alipaza sauti zaidi, na sasa mzaha ulikuwa umerudi, ingawa macho yake yalikuwa mekundu. "Mwambie kungoja na kubeba ndiyo kazi za Wanyamwezi, asijifanye mgeni! Na asikonde sana, mahari nimeshaipanga kwa kilo!"

Nyamizi alisimama.

"Hatupingi, Mheshimiwa."

* * *

Mama alisikiliza habari yote akiwa ameegemea ukuta.

"Kwa hiyo mmeshinda," alisema.

"Tumeshinda, mama."

"Na Kondo haji."

"Bado."

"Alisema nini?"

Nyamizi akamweleza. Kungoja na kubeba. Mahari kwa kilo. Pembe ya mdomo wa mama ilisogea kidogo, na binti akasogea karibu. Lakini ilirudi mahali pake.

"Kutoka kinywani mwako huo si utani," mama alisema. "Hiyo ni taarifa." Akavuta kanga. "Hao maafisa wa kusikiliza, wamepatikana?"

"Watu hawataki kazi hiyo. Wanaogopa kukosea."

"Na wewe?"

"Mimi pia naogopa."

"Basi utafaa," alisema mama, akalala akamgeuzia mgongo.

* * *

Nyamizi aliapishwa kuwa afisa wa amani. Majalada yalipangwa kwa umri, amri ya zamani kwanza. La Kondo lilikuwa karibu na mwisho, na lisingeweza kufika mezani kwa Nyamizi, kwa kuwa yeye ni mfiwa. Lilipangiwa afisa mwingine, naye asingeligusa mpaka yaliyotangulia yaishe. Kila shauri ambalo Nyamizi angelisikiliza kwa uangalifu lingekuwa ni siku nyingine ya mama yake msibani. Angeweza kuharakisha. Hakuna ambaye angejua.

Shauri lake la kwanza lilikuwa la Mwasiti. Hamduni aliketi upande wa pili wa ukuta-upepo, mwanamume nadhifu, shati limepigwa pasi, ananukia marashi. Panzi walikuwa bubu; tangu hukumu walikatazwa kusema.

"Habari za kazi, Mheshimiwa," alisema Hamduni. "Nimefurahi kukutana nawe. Kesi yenu niliifuatilia yote. Ndiyo maana nina matumaini." Akatabasamu. "Maneno yale ya stendi yalikuwa utani tu. Wewe utanielewa kuliko mtu yeyote."

Nyamizi alitamani kipimatisho, alitamani kiwe mezani, kimpe tarakimu, achukue tarakimu aende zake. Palikuwa na meza tupu na watu wawili.

"Haya," alisema. "Mtanie."

"Samahani?"

"Unasema unamtania. Mtanie hapa nisikie. Mimi nimeona watu wakitaniana mbele ya jeneza. Hapa kuna viti tu."

Hamduni alicheka kidogo. Akamgeukia Mwasiti. "Mwasiti, wewe..." Akatafuta. "Wewe na hicho kilemba chako..." Akanyamaza tena. Mwasiti hakuwa anamtazama. Alikuwa anautazama mlango, na miguu yake, chini ya kiti, ilikuwa imeshageukia huko. "Mwangalie!" Hamduni alisema, sauti imebadilika. "Mwangalie anavyojifanya! Hivi ndivyo alivyo, anakutia aibu mbele za watu!"

Pengine anaona haya tu, Nyamizi alijiambia. Pengine ni mtu asiye na kipaji cha mzaha. Akaagiza maji. Akawaacha wapumzike, akawarudisha. Akamsikiliza Hamduni tangu siku ya harusi hadi siku ya stendi, bila kumkata. Akamsikiliza Mwasiti. Akawaita majirani, mmoja wa huyu, mmoja wa yule. Mchana ukaisha hivyo. Msikizi angelimaliza shauri hilo kabla mtu hajapepesa jicho, na pengine angelitoa jibu lilelile.

Ofisi ilipokuwa inafungwa aliandika kwamba ukuta ubaki, na akaandika sababu zake, pamoja na zile zilizomtia shaka. Hamduni aliuliza, kwa hasira iliyokuwa haifichwi tena, kama mambo yameishia hapo.

"Hayajaishia hapa," alisema Nyamizi. "Mahakama ya Jimbo iko wazi."

Kisha akaweka jina lake lote chini ya amri, Nyamizi Mihayo Kasanda, kwa herufi kubwa zinazosomeka, ili yule mtu akienda huko ajue amshtaki nani.